Tiketi ya Mwendo wa Kasi: Ulipe, au Uende Kortini?



Katika mikutano ya matawi swali moja hurudi mara kwa mara. Huletwa na madereva wa malori ya viwandani, na wale wanaovuta matrela ya miwa na majani ya chai, na ndugu zetu wanaopanda pikipiki kwenda zamu ya usiku. Swali lenyewe ni hili: "Nimeandikiwa tiketi ya mwendo wa kasi na sikubali kosa. Je, nilipe niyamalize, au niende kortini?"

Wengine hulipa kwa hofu tu. Wengine huiweka tiketi mfukoni mpaka muda wake upite, wakidhani itasahauliwa. Wengine hutoa kitu kidogo pale pale barabarani. Na wachache huenda kortini kwa hasira, bila kujitayarisha, wakarudi na hasara mbili. Njia hizi zote nne zina kosa moja: mtu hakukaa chini akafikiri kabla ya kutenda. Makala haya yanataka kumsaidia mwanachama akae chini, ahesabu, kisha aamue mwenyewe.

1. TIKETI NI KITU GANI?

Tiketi ya faini si hukumu. Polisi si hakimu, na karatasi aliyoiandika haikukutia hatiani. Chini ya sheria yetu ya barabara ya mwaka 1998, utaratibu wa faini ya papo kwa papo uliwekwa ili makosa madogo yaishe bila kujaza korti. Serikali inakuambia: "Tunadai umekosa. Ukilipa kiasi hiki, hatutakushitaki." Ukilipa, jambo limekwisha. Usipokubali, haki yako ni kusikilizwa na korti.

Haki hiyo haitokani na huruma ya mtu. Imeandikwa katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 28. Humo imesemwa kwamba mshitakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Kwamba aelezwe shitaka kwa lugha anayoifahamu. Apewe nafasi ya kutayarisha utetezi. Aweze kuwahoji mashahidi wa upande wa pili. Na apewe mkalimani bila malipo kama lugha ya korti haimwingii. Kifungu cha 44 kinaongeza kwamba haki ya kusikilizwa kwa uadilifu haiwezi kuondolewa.

Lakini haki ni kitu kimoja, na faida ya kuitumia ni kitu kingine. Ndiyo sababu tunasema: fikiri kwanza.

2. MASWALI MATATU YA KUJIULIZA

Swali la kwanza: Je, nilikwenda kasi kweli?

Jibu hili mbele ya nafsi yako, si mbele ya rafiki zako. Kama ulipita kijiji kwa kilomita 80 kwa saa na kibao cha 50 ulikiona, basi lipa, na ujirekebishe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde moja. Likienda 80, hukata mita 22. Sekunde hiyo moja ni ile unayoitumia kumwona mtoto na kuinua mguu kabla hata ya kukanyaga breki. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Wanaogongwa kando ya barabara ya Jinja wakitoka zamu ni sisi wenyewe na watoto wetu. Chama hakiwezi kumtetea mtu awe na haki ya kuua wenzake.

Swali la pili: Je, wanaweza kuthibitisha?

Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, na lazima wathibitishe pasipo shaka ya maana. Jiulize wana nini mkononi: je, kuna chombo cha kupimia mwendo, au ni macho ya askari mmoja tu? Je, kuna picha? Je, nambari ya gari iliyoandikwa ni yako? Nchi jirani ya Kenya imeandika wazi katika sheria yake ya barabara kwamba mtu asitiwe hatiani kwa mwendo wa kasi kwa maoni tu ya shahidi mmoja. Sababu yake inaeleweka popote: jicho la mtu aliyesimama kando ya njia hukisia, wala halipimi.

Swali la tatu: Je, itanigharimu nini?

Hapa wengi hujidanganya. Tuchukue mfano, na kila mtu aweke hesabu yake mwenyewe. Tuseme dereva hulipwa shilingi 15,000 kwa siku, na faini ni shilingi 200,000. Faini hiyo ni mshahara wa siku 13 na zaidi. Kila siku ya korti hupoteza mshahara wa 15,000, na nauli na chakula 10,000, jumla 25,000.

Akienda mara tatu na kushinda, ametumia 75,000 na kuokoa 125,000. Akienda mara tatu na kushindwa, ametoa 275,000, au zaidi, kwa kuwa hakimu hafungwi na kiasi kilichoandikwa kwenye tiketi. Sheria humpa uwezo wa kutoza kikubwa zaidi. Na kesi ikiahirishwa mpaka siku ya nane, hata akishinda atakuwa amekwisha kutumia zile 200,000 zote. Ameshinda kesi, mfuko umeshindwa.

Basi je, fedha ndiyo mizani peke yake? Hapana. Kwa mwenye pikipiki yake, huenda fedha ndiyo yote. Kwa dereva wa kazi, leseni ndiyo jembe lake. Akilipa tiketi tatu au nne ambazo hakustahili, siku ya mwajiri kupunguza watu zitatolewa kwenye faili na kusomwa. Dereva wa namna hiyo anaweza kuona bora apoteze siku nne za mshahara kuliko kuacha jina lake lichafuke. Huo ni uamuzi wa busara, mradi aufanye akiwa ameona hesabu zote mbili.

3. USHAHIDI HUKUSANYWA SIKU ILE ILE

Kesi nyingi hupotea barabarani, kabla korti haijafunguliwa. Dereva huondoka kwa hasira, na baada ya wiki tatu hakumbuki hata mahali aliposimamishwa. Fanyeni hivi:

(a) Kaa mtulivu. Uliza kwa adabu: "Afande, nilikuwa nakwenda mwendo gani, na hapa mwisho ni ngapi?" Omba uoneshwe namba kwenye chombo. Usibishane.

(b) Isome tiketi kabla ya kuondoka. Angalia nambari ya gari, tarehe, saa, mahali, na kosa lililoandikwa. Andika namba ya askari.

(c) Ukiwa umeegesha mahali salama, andika pia: hali ya barabara, mvua au jua, magari yaliyokuwa karibu nawe, na kibao cha mwendo cha mwisho ulichokipita. Kama kibao kimefunikwa na majani au kimeng'olewa, kipige picha siku hiyo hiyo. Kesho watakuja kukisafisha.

(d) Mwulize tanboi wako aliona nini, na aandike kwa mkono wake. Tanboi ni shahidi kama mtu mwingine yeyote. Lakini asiambiwe aseme nini. Shahidi aliyefundishwa huanguka katika swali la pili.

(e) Hifadhi karatasi za safari: ya lango la kiwanda, ya mizani, ya kupokelea mzigo.

Juu ya karatasi hizo tuna neno la tahadhari. Zinaonyesha saa, na saa huzaa hesabu. Kama ulikata kilomita 24 kwa dakika 36, wastani wako ni kilomita 40 kwa saa. Hiyo inasaidia, ila haimalizi neno, maana mtu aweza kuwa na wastani wa 40 na bado alipita mahali pamoja kwa 80. Na kama karatasi zinaonyesha kilomita zile 24 kwa dakika 18, wastani wako ni 80. Karatasi hizo zitakuangusha wewe mwenyewe. Piga hesabu nyumbani kabla hujazitoa mbele ya hakimu.

4. CHOMBO CHA KUPIMIA MWENDO

Chombo cha rada hutuma mawimbi ya redio, ambayo hugonga gari na kurudi. Kwa tofauti ya mawimbi yaliyorudi, chombo husoma mwendo. Ni chombo cha kuaminika, lakini kina masharti yake. Mawimbi hutawanyika kadiri yanavyokwenda mbali, na gari kubwa hurudisha mawimbi mengi kuliko gari dogo. Kama pikipiki na lori zilikuwa pamoja, ni haki kuuliza: "Afande, ulijuaje kwamba namba hii ni ya pikipiki yangu?" Ni haki pia kuuliza chombo kilikaguliwa lini, na cheti cha ukaguzi kiko wapi, na aliyekishika alifundishwa na nani.

Msidanganywe na wale wa vijiweni wanaosema kwamba askari akisimama pembeni ya barabara chombo huongeza mwendo. Ni kinyume chake: pembe hiyo hufanya chombo kisome pungufu kidogo. Ukimletea hakimu hoja hiyo, umemsaidia mwendesha mashtaka.

5. SIKU YA KORTI

Hapa Kampala kesi za barabara husikilizwa katika korti za mahakimu, kama vile Buganda Road, Nakawa, Makindye na Mengo, kwa kufuata mahali kosa linapodaiwa kutendeka. Ukiitwa, fika. Fika mapema. Mtu asiyefika hupoteza haki yake yote, na hakimu aweza kutoa hati ya kumkamata. Hapo jambo la tiketi limegeuka jambo la selo.

Shitaka litasomwa, na utaulizwa kama ni kweli au si kweli. Ndugu, neno hili la kwanza ndilo zito kuliko yote. Korti za Uganda huendesha mambo kwa Kiingereza. Wenzetu wengi wa mashambani, waliotoka West Nile, Kenya au Kongo, hujibu "ndiyo" kwa heshima tu, au husema "ni kweli nilikuwa naendesha", na hayo huweza kuandikwa kuwa wamekiri. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza namna ya kupokea kukiri: shitaka na maelezo yake yote yafafanuliwe kwa lugha anayoielewa mshitakiwa, maneno yake yaandikwe, kisha asomewe mambo yaliyotendeka na aulizwe kama anayakubali. Kwa hiyo kama hukuelewa, sema: "Mheshimiwa, naomba mkalimani." Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005. Usione haya kukitumia.

Ukikana, mashahidi wa serikali ndio watatangulia. Baada ya kila shahidi utapewa nafasi ya kumhoji. Uliza maswali mafupi: "Ulikuwa umbali gani? Ulipima magari mangapi saa hiyo? Kibao kilikuwa wapi?" Usitoe hotuba, na usimtukane askari. Hakimu akiona una kesi ya kujibu, unaweza kujitetea kwa kiapo, au bila kiapo, au kunyamaza. Utetezi wa kiapo una uzito zaidi, lakini nawe utahojiwa. Kisha waite mashahidi wako.

Ukishindwa na unaona hukumu si ya haki, hati ya kukata rufani hupelekwa katika siku 14. Usingoje mpaka ya kumi na tatu.

Mtu hahitaji kuwa na wakili kwa kesi ya namna hii, lakini ushauri husaidia. Mradi wa msaada wa sheria wa chama cha mawakili wa Uganda ulianza mwaka 1992, na chuo cha sheria cha LDC hapa Kampala kina kliniki ya kusaidia wasio na uwezo. Mwone katibu wa tawi lako akupeleke.

6. TIKETI YA GARI LA KAMPUNI

Hapa ndipo penye kidonda cha wafanyakazi. Dereva anaambiwa asubuhi: "Safari tatu leo, usipozimaliza usije kesho." Safari tatu kwa mwendo halali haziwezekani. Dereva anakanyaga mafuta, anaandikiwa tiketi, na mwisho wa mwezi anakuta imekatwa kwenye mshahara. Faida ya kasi ni ya tajiri, faini ni ya dereva.

Tuseme ukweli wote. Mbele ya sheria, aliyeshika usukani ndiye mwenye kujibu kwanza, na "niliagizwa" si kinga. Lakini sheria ya jinai humhesabu mkosaji pia yule aliyemshauri au kumsaidia mwingine kutenda kosa. Kwa hiyo amri za safari zisizowezekana ziombeni kwa maandishi, na nakala zipelekeni kwa mwakilishi wenu.

Juu ya makato, Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, unasema mshahara usikatwe ila kwa namna iliyowekwa na sheria, mapatano ya pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Hapa nchini Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 nayo imeweka mipaka ya makato. Mwajiri akikata faini kwa amri yake tu, na hasa faini ambayo bado unaipinga, lete karatasi ya mshahara ofisini kwa chama. Na akitaka kukufukuza kwa sababu ya tiketi, sheria hiyo hiyo inamtaka akueleze sababu na akusikilize, ukiwa na mwenzako uliyemchagua. Mwenzako huyo awe mwakilishi wa chama.

7. SOMO LA KAMERA, JUNI 2025

Mwezi Juni 2025 serikali ilianzisha faini za kamera. Kamera husoma nambari ya gari na tiketi hutumwa kwa simu. Aliyezidisha kilomita 1 mpaka 30 kwa saa alitozwa shilingi 200,000. Aliyezidisha zaidi ya 30 alitozwa 600,000. Tukumbuke kwamba kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa nchini mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Faini moja ya 600,000 ni kima hicho mara 100.

Malalamiko yalikuwa makubwa, hasa juu ya sehemu za kilomita 30 kwa saa, ambako madereva walisema hawakuona vibao, na juu ya tiketi kumwangukia mwenye gari hata kama hakuwa yeye aliyeendesha. Baada ya siku chache tu Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Jenerali Katumba Wamala, aliusimamisha mpango huo ili uangaliwe upya.

Somo kwetu ni mawili. Kwanza, viwango na taratibu hubadilika; ukipata tiketi, uliza sheria iliyopo siku hiyo, usitegemee habari ya mwaka jana. Pili, wapo waliokuwa na haki ya kupinga mmoja mmoja, lakini mpango ulisimama kwa sababu watu wengi walisema pamoja. Kamera ikikosea, inakosea kwa maelfu, na dawa yake si kesi elfu za watu elfu.

8. NJIA MBILI ZISIZOFAA KABISA

Usikae na tiketi. Siku za kulipa zikipita deni hukua, na nafasi ya kujieleza hupungua. Hesabu siku zilizoandikwa tangu jioni ile ile.

Na usitoe kitu kidogo. Kwa Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009, mtoaji na mpokeaji wote ni wakosaji. Tena aliyetoa jana ataombwa kesho, na lori la kiwanda chake litajulikana njia nzima kuwa ni ng'ombe wa maziwa. Askari akidai, andika namba yake, saa na mahali, upeleke malalamiko kwa kitengo cha maadili cha polisi kupitia chama.

KWA KUMALIZIA

Kama ulikosa, lipa mapema na upunguze mwendo. Kama hukukosa lakini huna ushahidi, na kazi yako haitegemei leseni, hesabu zinaweza kukuambia ulipe, hakuna aibu. Kama hukukosa, ushahidi unao, na jina lako la udereva ndilo chakula cha watoto, nenda kortini kwa utulivu, ukiwa na karatasi zako na shahidi wako.

Na kila tawi lifungue daftari moja la tiketi: tarehe, mahali, mwendo, amri ya safari ya siku hiyo. Tiketi moja ni shida ya dereva mmoja. Tiketi ishirini za njia moja, katika daftari moja, zinaonyesha kibao kilichoanguka au ratiba ya safari isiyowezekana, na hizo huletwa mezani siku ya kujadiliana na mwajiri.

Haba na haba hujaza kibaba. Anzeni daftari wiki hii.